Intaneti ya Nyumbani Ukikaa Nje kwa Muda Mfupi: Yanayodhaniwa na Yalivyo

Anayekwenda kukaa nchi ya watu miezi mitatu au minne, iwe ni kwa kozi fupi, kazi ya mradi au kumuuguza ndugu, huwa na mengi ya kuhangaikia: viza, bima, tiketi, chumba. Intaneti huachwa mwisho, kwa imani kwamba ukishafika itapatikana tu. Na kweli itapatikana. Tatizo ni kwamba biashara ya intaneti ya nyumbani, karibu kila nchi, imepangwa kwa ajili ya mkaazi: mtu mwenye anwani ya kudumu na akaunti ya benki ya hapo hapo, ambaye hana mpango wa kuhama mwaka huu wala ujao. Kwa hiyo hata ushauri mzuri unaopewa na wenyeji, ambao kwao ni wa kweli kabisa, kwako mpita njia unaweza kuwa wa kupotosha. Dhana zifuatazo ndizo zinazowagharimu watu zaidi.

"Faiba ndiyo intaneti bora, basi nifunge faiba"

Kwa ubora wa faiba, yaani waya wa kioo unaobeba intaneti kwa mwanga, hakuna ubishi. Lakini swali la mtu wa miezi minne si ipi bora, ni ipi itakayokuwa inafanya kazi wiki ya kwanza na isiyokudai wiki ya mwisho. Kama nyumba haijawahi kuunganishwa, kuna kuomba miadi ya fundi, kuna ruhusa ya mwenye nyumba ya kutoboa ukuta, na kwenye majengo ya ghorofa wakati mwingine kuna ruhusa ya kamati ya jengo pia. Wiki kadhaa kupita hivi hivi ni jambo la kawaida hata kwenye nchi tajiri. Fundi akija mwishoni mwa mwezi wa kwanza, robo ya safari yako imekwisha ukiwa unatumia bando la simu.

Piga hesabu ya kukaa kwako kote, usiangalie bei ya mwezi iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo. Jumlisha ada ya kufungiwa, kodi ya ruta, malipo ya miezi yote, na faini ya kuondoka kabla ya muda, kisha gawanya kwa miezi utakayoitumia kweli. Mara nyingi kile kifurushi kilichoonekana cha bei poa ndicho kinachotoka ghali kuliko vyote. Kwa maoni yangu, chini ya miezi sita usihangaike kuvuta laini mpya. Chukua ruta ya 4G au 5G inayotumia laini ya simu, ya malipo ya kabla, uchomeke kwenye umeme na kuanza kazi jioni ile ile.

Hali inabadilika kama laini tayari ipo ndani ya nyumba. Kabla ya kulipa chumba, mwombe mwenye nyumba apige picha kisanduku cha faiba kilichopo ukutani, kikiwa kimewashwa. Kwenye visanduku vingi kuna taa mbili za kutazama: ile iliyoandikwa PON, ambayo ikiwaka kijani bila kupepesa maana yake laini ni nzima, na ile ya LOS, ambayo ikiwaka nyekundu maana yake mwanga haufiki, yaani waya umekatika au umechomolewa mahali. Picha hiyo moja itakuambia mengi kuliko tangazo zima la nyumba.

"Tangazo linasema nyumba ina waifai, basi yamekwisha"

Linasema ipo, halisemi ikoje. Huenda ni ruta moja iliyowekwa kwenye korido inahudumia vyumba vitano. Huenda imefungiwa kwenye chumba cha mwenye nyumba, naye yuko mji mwingine, na ikiganda usiku hakuna wa kuizima na kuiwasha. Zile kuta nene za zege hazina huruma, hasa kwa mawimbi ya GHz 5, ambayo ni ya kasi lakini hayapenyi ukuta vizuri kama yale ya GHz 2.4.

Omba picha ya kipimo cha kasi kilichofanywa saa za jioni, wakati watu wote wako nyumbani, kwenye meza ile ile utakayofanyia kazi. Picha hiyo isome kwa makini. Programu nyingi za kupimia huonyesha jina la kampuni inayotoa intaneti. Ukikuta pameandikwa jina la mtandao wa simu ilhali umeambiwa ni faiba, aliyepima alikuwa kwenye data ya simu yake. Sisemi amekusudia kudanganya, wengi hawajui tofauti. Muulize pia kama utaruhusiwa kuchomeka waya moja kwa moja kwenye ruta. Jibu likiwa ndiyo, nusu ya matatizo yameisha.

"Kadiri Mbps zinavyokuwa nyingi ndivyo mambo yanavyokuwa mazuri"

Hapa kuna makosa mawili. La kwanza ni la vipimo. Kampuni huuza megabiti kwa sekunde (ndizo hizo Mbps), faili kwenye kompyuta hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kifurushi cha Mbps 100, hata kikifanya kazi kwa ukamilifu wake, kitakushushia faili kwa megabaiti 12.5 tu kwa sekunde. Hujaibiwa.

La pili ni kubwa zaidi: watu wanatazama kasi ya kupakua (kuvuta vitu kuja kwako) na kusahau ya kupakia (kutuma vitu kwenda nje). Netflix wenyewe wanapendekeza Mbps 5 kwa video ya HD kamili, na Mbps 15 kwa ile ya 4K. Mikutano ya Zoom, hata ile ya picha safi kabisa, inataka kama Mbps 4 za kwenda na 3 za kurudi. Kwa mtu mmoja, tarakimu hizo ni ndogo sana ukilinganisha na zile Mbps mia tano zinazonadiwa. Kinachowaangusha watu katikati ya mkutano ni zile za kwenda. Intaneti inayopita kwenye waya wa televisheni, ambayo ni ya kawaida sana Ulaya na Marekani, huwa na upakuaji mkubwa na upakiaji mdogo. Ruta ya laini ya simu nayo upakiaji wake hupanda na kushuka kulingana na umbali wa mnara na wingi wa watu. Mwanafunzi anayetazama mihadhara tu hatajua kama kuna tatizo. Anayefundisha kwa video, au anayetuma picha za kazi kila siku, atalijua siku ya kwanza.

"Siku hizi romingi ni bure"

Romingi, yaani kutumia laini ya kwenu kwenye mtandao wa nchi nyingine, ni bure kwa baadhi ya watu, mahali fulani, kwa muda fulani. Umoja wa Ulaya uliondoa gharama za ziada za romingi kati ya nchi wanachama tarehe 15 Juni 2017, na mwaka 2022 utaratibu huo ukaongezewa muda hadi 2032. Lakini unawahusu wenye laini za huko huko, tena wanaosafiri mara kwa mara na kurudi. Kampuni inaruhusiwa kutazama matumizi yako kwa miezi minne; ikiona umekuwa nje kuliko nyumbani, na matumizi yako mengi ni ya nje, inaweza kukutaka maelezo na kisha kukutoza. Kwa hiyo mbinu ya kununua laini ya bei nafuu nchi moja na kuihamishia kwenye ruta ya nchi nyingine miezi yote ina mwisho wake.

Kuna jambo lingine ambalo watu hulihisi bila kulijua. Ukiwa kwenye romingi, data yako kwa kawaida hurudishwa kwanza kwenye mtandao wa nchi yako ndipo iingie kwenye intaneti. Ndiyo maana kurasa huchelewa kufunguka hata kama mnara uko dirishani, na tovuti zinadhani bado uko kwenu. Wengine hufurahia hilo, kwa kuwa benki yao haishtuki.

"eSIM ya msafiri inatosha"

Kwa siku za mwanzo, ndiyo, na laini hii isiyo na kadi ya plastiki, inayopakuliwa ndani ya simu, ningekushauri uwe nayo kabla ya kupanda ndege. Kwa miezi mitatu, gharama ya kila GB itakuumiza. Nyingi ni za data tu, hazina namba ya simu, na utakapotakiwa kupokea ujumbe wa uthibitisho kutoka benki ya huko ndipo utajua. Nyingine zinakataza kurusha hotspoti. Hakikisha pia simu yako haijafungwa kwa kampuni iliyokuuzia, na kwamba inakubali teknolojia hiyo yenyewe. Ukiwa na iPhone 14 au ya baadaye iliyouzwa Marekani, shida ni ya upande wa pili: haina kabisa pa kuingizia laini ya plastiki, na kuna maduka ya laini ambayo bado yanauza za plastiki tu.

"Bila kikomo" maana yake bila kikomo

Maana yake hutakatiwa. Kasi ni habari nyingine. Masharti ya chini huwa yanataja kiwango cha GB ambacho ukikivuka unapunguziwa kasi, au unawekwa nyuma ya wateja wengine mnara ukielemewa. Tafuta tarakimu hiyo. Isipoandikwa popote, uliza kwa maandishi.

"Nitabeba ruta yangu kutoka nyumbani"

Umeme si tatizo, kwa kuwa chaja nyingi za ruta zinapokea volti 100 hadi 240. Unachohitaji ni adapta ya plagi. Tatizo ni yanayofuata. Modemu ya laini ya simu ya mezani haiwezi kusoma faiba, na ya faiba haiwezi kusoma waya wa televisheni. Ruta ya laini ya simu inaweza kukosa masafa ya huko: yanayobeba 4G Marekani kwa sehemu kubwa siyo yanayoibeba Ulaya. Hata waifai ina mambo yake. Chaneli za 12 na 13 zinatumika kawaida Ulaya lakini hazitumiki Marekani, hivyo kompyuta iliyonunuliwa Marekani inaweza isiione kabisa ruta iliyowekwa chaneli ya 13, huku simu iliyo kando yake ikiiona vizuri. Mtu anaweza kukesha akilaumu nywila.

Sheria nazo zinatofautiana. Ujerumani, tangu Agosti 2016, mteja ana haki ya kutumia ruta anayoitaka. Uturuki, simu iliyotoka nje ikitumiwa na laini ya huko bila kusajiliwa hufungiwa baada ya siku 120. Antena ya setilaiti kama ya Starlink pia si ya kubeba tu na kwenda: kifurushi cha nyumbani kimefungwa kwenye anwani iliyosajiliwa, cha kusafiria ni kingine, na si kila nchi imeiruhusu huduma yenyewe.

"Waifai ina nywila, kwa hiyo niko salama"

Nywila inamzuia asiyeijua. Haimzuii mwenye ruta. Anayeisimamia anaweza kuona umetembelea tovuti zipi, ingawa kwa tovuti zenye usimbaji, yaani zinazogeuza maandishi kuwa fumbo, hawezi kusoma ulichoandika humo. VPN, yaani programu inayopitisha intaneti yako kwenye njia iliyofichwa, inasaidia, lakini soma sheria za unakokwenda kwanza: China, kwa mfano, inatambua zile zilizoidhinishwa na serikali tu.

Na usipakue filamu za wizi kwenye intaneti ya mtu. Ujerumani barua za mawakili wa wenye hakimiliki, zenye madai ya fedha, hutumwa kwa mwenye laini. Mwenye nyumba atajua ni nani alikuwa anakaa chumba kile.

"Nikiondoka, mkataba unakufa wenyewe"

Haufi. Kwenye nchi za Umoja wa Ulaya mkataba wa kwanza unaweza kuwa wa hadi miezi 24, na tiketi yako ya kurudi kwa kawaida si sababu ya kuuvunja bure. Wengine huchanganya jambo hili na zile siku 14 za kubadili mawazo wanazopewa wateja wa Ulaya na Uingereza. Siku hizo ni kwa mikataba iliyofungwa mtandaoni, kwa simu au mlangoni kwako. Ukisaini mwenyewe dukani, kwa kawaida huna. Hata ukiwa nazo, kama uliomba huduma ianze mara moja, utalipia siku ulizotumia. Marekani, tangu 2024, kampuni zinatakiwa kuonyesha lebo ya kila kifurushi inayotaja bei ya mwanzo, bei ya baadaye, urefu wa mkataba na faini ya kuondoka mapema. Isome hiyo kabla ya kumsikiliza muuzaji.

Vifurushi vya mwezi kwa mwezi vipo sehemu nyingi, ila havitangazwi sana, na bei yake huwa juu kidogo. Kwa mtu wa muda mfupi nyongeza hiyo ni pesa nzuri. Faida nyingine ni kwamba mikataba mirefu mara nyingi hudai uchunguzi wa rekodi ya mikopo na akaunti ya benki ya huko, vitu ambavyo mgeni hana, ilhali malipo ya kabla hayadai hayo. Mara nyingi kitambulisho pekee hutosha.

Toa notisi kwa maandishi, mwezi mmoja au zaidi kabla ya kuondoka kadiri mkataba unavyosema, na uhifadhi jibu. Ruta ya kukodi irudishe mwenyewe ukiwa bado nchini, ikiwa na chaja na waya zake. Piga picha ile lebo ya chini yenye namba ya kifaa, na udai risiti inayotaja namba hiyo hiyo, kwa sababu ruta inayosemekana haikurudi hutozwa kama mpya. Makato ya benki yasitishe baada ya kupokea bili ya mwisho, si kabla.