Simba wa wapi mkubwa zaidi? Kwanza niambie jana alikula nini

Swali ninaloulizwa kuliko yote: simba wakubwa ni wa kusini mwa Afrika au wa mashariki? Jibu la haraka lipo. Madume waliokomaa waliopimwa kusini wana wastani wa karibu kilo 190. Wa Afrika Mashariki, kama kilo 175. Majike hawapishani sana: 120 hivi mashariki, 125 na kuendelea kusini. Dume wa msitu wa Gir, India, hutajwa kuwa na kilo 160 hadi 190, ila waliopimwa ni wachache mno, nami siwaweki jedwali moja na wengine.

Basi kusini wameshinda? Ngoja kwanza.

Simba tunayetaka kumpima akishalala kwa dawa ya usingizi, macho hubaki wazi, hivyo tunamfunika kitambaa usoni. Tunamviringishia kwenye machela, kisha machela inaning'inizwa kwenye mizani. Mshale unayumba, unatulia kwenye 196. Kabla sijaandika, naangalia tumbo. Likiwa limebonyea nyuma ya mbavu, namba hiyo naiamini. Likiwa limevimba kama ngoma, ninachopima ni simba pamoja na pundamilia. Dume mwenye njaa anaweza kula zaidi ya kilo 30 za nyama kwa mlo mmoja, na pengo lote tunalobishania, la kusini na mashariki, ni kilo 15. Nusu ya mlo! Tena mara nyingi tumemvuta kwa mzoga, kwa hiyo kilichomjaza ni chambo chetu wenyewe. Watu huogopa kucheza na sharubu za simba. Mimi kinachonikosesha usingizi ni tumbo lake.

Umri nao unapotosha. Dume wa miaka mitatu ana urefu wa kutosha kumdanganya mgeni, lakini kifua na shingo bado vinajaa kwa miaka kadhaa. Ndiyo maana natazama chonge, kisha pua: ya mtoto ni ya waridi, halafu weusi huingia kidogo kidogo, na kwa simba wa Serengeti wa miaka mitano hivi, karibu nusu yake imeshakuwa nyeusi. Wastani uliochanganya vijana na wazee hauna maana yoyote.

Rekodi ndizo zinazopendwa zaidi, nazo ndizo zenye faida ndogo. Dume aliyeuawa karibu na Hectorspruit, Afrika Kusini, mwaka 1936 anatajwa kuwa na kilo 313. Mwingine wa karibu na Mlima Kenya, kilo 272. Mmoja mmoja hawezi kusemea eneo zima. Kwa urefu ni vilevile: wa kwanza kati ya wale simba wawili wala watu wa Tsavo, Kenya, wa mwaka 1898, alipimwa karibu mita 2.95, lakini hapo mkia umo, na mkia peke yake hukaribia mita moja. Simba yule hakuwa na manyoya ya shingoni. Ukimwona pichani utamdhania mdogo.

Hata hivyo siamini kwamba tofauti yote ni kosa la mizani. Tangu mwaka 2017 wataalamu wa jamii ya paka wa IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, wanawahesabu simba wa mashariki na kusini kuwa nususpishi moja, yaani tawi moja ndani ya spishi, na wa Gir wamewekwa pamoja na wa Afrika Magharibi na Kati. Kwa hiyo zile kilo 15 zimo ndani ya nususpishi ileile, na mimi naelekeza kidole kwenye chakula kabla ya nasaba: nyati wa mwaka mzima si sawa na nyumbu wanaohama na kuwaacha simba wa tambarare wakihangaika na ngiri. Baridi huenda ina mchango. Wanyama wengi wa spishi moja huwa wakubwa zaidi penye baridi.

Ukinipa hiari, nitalinganisha mafuvu. Fuvu halishibi. Ila nitaomba yawe ya simba wa porini tu, maana waliokulia kizuizini fuvu lao hutanuka na kubadilika umbo.