Volkeno: Kwa Nini Amri ya Kuhama Hutolewa Kabla Moto Haujaonekana

Kila kiwango cha tahadhari kinapopandishwa katika mlima wa volkeno, vituo vya ufuatiliaji hupokea malalamiko yaleyale: kwamba watu wamehamishwa bure, kwamba mlima haujatoa hata moshi, kwamba hakuna mzee aliyewahi kuuona ukilipuka. Anayeacha nyumba na mifugo yake ana haki ya kuelezwa sababu. Sababu hiyo imo katika tabia ya magma, yaani mwamba ulioyeyuka ulio chini ya ardhi, wala haionekani katika sura ya mlima siku hiyo.

Nguvu ya mlipuko hutegemea zaidi mnato wa magma, yaani uzito wake katika kutiririka, na wingi wa gesi iliyomo, hasa mvuke wa maji. Magma yenye silika (madini yanayoifanya inate) ya karibu asilimia 50 hutiririka kwa urahisi, gesi huponyoka bila kizuizi kikubwa, na lava, yaani magma iliyokwisha kutoka nje, husafiri mbali kabla ya kuganda. Tabaka baada ya tabaka, hujengeka volkeno ngao, pana na yenye mteremko wa taratibu, kama Mauna Loa ya Hawaii. Magma yenye silika nyingi hunata. Gesi hunaswa ndani yake, shinikizo hupanda, na inapokaribia juu gesi hiyo hufumuka ghafla na kuisaga magma kuwa majivu na mawe. Milima ya namna hii, iliyojengwa kwa lava na majivu kwa kupokezana, huitwa volkeno tabaka. Zipo pia koni ndogo za vipande vya lava vinavyorushwa na kurundikana kuzunguka tundu, kama Parícutin ya Mexico, iliyochomoza katika shamba la mahindi mwaka 1943.

Sura ya mlima, hata hivyo, haitoshi kutabiri tabia yake. Nyiragongo, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni volkeno tabaka yenye mteremko mkali, lakini lava yake ina silika kidogo sana na hukimbia kama maji. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la lava lililokuwa ndani ya kasoko yake, yaani shimo la kileleni, lilimwagika kupitia nyufa za ubavuni kwa muda usiofika saa moja. Mwaka 2002 lava iliingia katikati ya mji wa Goma, na mwaka 2021 ikafika tena kwenye viunga vyake.

Ni lazima tuseme waziwazi, kwa kuwa tumelirudia jambo hili mara nyingi mno: si lava inayoua watu wengi zaidi. Linaloua ni wingu zito la gesi, majivu na mawe ya moto linaloporomoka mlimani kwa kasi inayoweza kuzidi kilomita 100 kwa saa, likiwa na joto la mamia ya nyuzi. Wingu la aina hiyo liliuangamiza mji wa Saint-Pierre, kisiwani Martinique, tarehe 8 Mei 1902, na watu wapatao 28,000 walikufa. Tope la volkeno nalo huua mbali na mlima. Tarehe 13 Novemba 1985 mlipuko usio mkubwa wa Nevado del Ruiz, nchini Kolombia, uliyeyusha barafu ya kileleni, na saa chache baadaye tope likaufukia mji wa Armero. Zaidi ya watu 20,000 walikufa, ingawa ramani ya maeneo ya hatari ilikuwa imekwisha kuchorwa.

Kauli kwamba mlima umelala, kwa hiyo ni salama, haina msingi wowote. Pinatubo, nchini Ufilipino, ulikuwa kimya kwa takriban miaka 500 kabla ya mlipuko mkubwa wa tarehe 15 Juni 1991. Maelfu ya watu walinusurika kwa sababu walihamishwa mapema.

Tahadhari kwa usafiri wa anga hutumia rangi 4. Kijani humaanisha hali ya kawaida. Njano, dalili zilizozidi kawaida. Chungwa, uwezekano ulioongezeka wa mlipuko, au mlipuko wenye majivu machache. Nyekundu, mlipuko unaotarajiwa kuwa karibu au unaoendelea, wenye majivu mengi. Rangi inaweza kuruka hatua, hivyo anayeiona njano asidhani kwamba ni lazima ataiona chungwa kabla ya nyekundu. Kwa wakazi, nchi nyingi zina viwango vyao vya namba, na amri ya kuhama hutolewa na mamlaka za kiraia baada ya kupokea taarifa ya wataalamu. Kuingia eneo lililofungwa bila kibali huweza kuleta faini au kifungo, kwa mujibu wa sheria ya nchi husika, na wajibu hauishii kwa anayeingia: baada ya mlipuko wa Whakaari, kisiwa cha volkeno nchini New Zealand, tarehe 9 Desemba 2019, uliowaua watu 22, kampuni kadhaa za utalii zilishtakiwa na kutozwa faini.

Kibali cha kurudi nyumbani hutolewa kwa maandishi au kwa tangazo rasmi, na huweza kuchelewa hata baada ya mlima kunyamaza, kwa sababu majivu yaliyorundikana mabondeni hugeuka tope mvua inaponyesha. Kuzunguka Pinatubo, tope hilo liliendelea kufukia vijiji na mashamba kwa miaka kadhaa baada ya 1991.