Cheti cha kontena la programu: yanayosemwa na yalivyo

Mombasa neno kontena lina mwenyewe tangu zamani: ni lile sanduku la chuma la futi 20 au 40 linaloteremshwa Kilindini. Watengenezaji programu wamelikopa kwa kitu kingine, yaani programu pamoja na maktaba zake zote, zikafungwa ndani ya imeji moja iweze kuendeshwa kwenye seva yoyote. Na kama lile la chuma, hili nalo halipiti geti kwa sababu tu limejaa. Mteja anayetumia OpenShift, jukwaa la kampuni ya Red Hat la kuendesha kontena kwenye seva nyingi kwa pamoja, anaweza kukuuliza, kabla hata hajaiona programu yako ya mizigo au ya hoteli, kama imeji yake ina cheti cha Red Hat. Hapo ndipo maneno ya vijiweni huanza, na mengi yake hayana mguu.

Dhana: Programu yetu inafanya kazi vizuri, kwa hivyo itapita.

Chombo kinachokagua kinaitwa `preflight`. Kinapokagua kontena hakiiwashi programu yako hata kidogo, wala hakijali kama hesabu ya ushuru wa forodha inatoka sawa. Kinachofanya ni kuufungua mzigo na kutazama ulivyofungwa: imeji ya msingi, ile uliyojengea juu yake, ni ipi, inaendeshwa na mtumiaji gani, leseni ipo wapi, lebo zimeandikwaje, matabaka (nyongeza zinazopangwa moja juu ya nyingine) ni mangapi, na je, kuna faili la msingi lililochokorwa. Programu iliyotumika miaka mitatu bila lawama huanguka kwa kukosa folda moja. Na programu mbovu kabisa, ikifungwa kwa adabu, inapita. Majaribio ya kazi yenyewe ni juu yako; usiyaegemeze kwenye cheti.

Dhana: Ni lazima ununue Red Hat Enterprise Linux, mfumo endeshi wa Red Hat, kwanza.

La. Tangu Mei 2019 kuna UBI (Universal Base Image), imeji za msingi zinazotolewa bure, unazoweza kujengea na kusambaza bila usajili wowote. Zinavutwa kutoka `registry.access.redhat.com` bila nywila. Ile `registry.redhat.io` ndiyo inayodai uingie kwa akaunti, na wengi hugonga mlango huo wakadhani kote kumefungwa.

Dhana: Ukiwa na Alpine (Linux nyingine, ndogo), badilisha tu mstari wa FROM, ule unaotaja imeji ya msingi kwenye faili la maelekezo ya kujenga.

Ukaguzi unadai imeji isimame juu ya UBI, kwa hivyo Alpine au Debian haipiti. Lakini kubadilisha mstari mmoja hakutoshi. Alpine hutumia maktaba ya msingi ya musl, UBI hutumia glibc. Programu iliyokompailiwa kwa musl ikihamishiwa UBI hukuambia `no such file or directory`, ilhali faili unaliona kwa macho yako. Linalokosekana si hilo faili bali kipakiaji chake. Kompaili upya ndani ya UBI. Programu ya Go iliyojengwa kwa `CGO_ENABLED=0` haina shida hiyo. Amri za `apk` nazo zinageuka kuwa `microdnf` kwenye ubi-minimal, au `dnf` kwenye UBI ya kawaida.

Dhana: Nimeandika USER 1001, suala la root (mtumiaji mwenye mamlaka yote) limekwisha.

Hapa ndipo penye kazi, maana sehemu hii huwapitisha watu kwenye ukaguzi kisha ikawaangusha kwa mteja.

`preflight` inatazama tu kwamba imeji haikuachwa kwa root. Ukiweka `USER 1001` unapata alama. Andika namba, si jina: Kubernetes, mfumo ulio ndani ya OpenShift, ikiambiwa ihakikishe mtumiaji si root, haiwezi kulithibitisha jina, na kontena halitaanza. Ila OpenShift kwa kawaida haiitumii hiyo 1001 yako. Kila mradi ndani ya klasta (kundi la seva zinazofanya kazi pamoja) hupewa fungu lake la namba, na kontena huendeshwa kwa namba inayotoka humo, mfano 1000650000, isiyojulikana popote ndani ya imeji yako. Kinachobaki vilevile ni kundi: huwa 0.

Matokeo yake yanafahamika. Folda ya logi ulimpa 1001 peke yake. Namba mpya inakuja, haina ruhusa ya kuandika, programu inakufa, inawashwa tena, inakufa, na kwenye skrini ni `CrashLoopBackOff` mpaka asubuhi. Dawa ni kulipa kundi 0 ruhusa zilezile za mwenye faili:

```
FROM registry.access.redhat.com/ubi9/ubi-minimal
LABEL name="mizigo-api" \
      vendor="Jina la kampuni yako" \
      maintainer="Jina la kampuni yako" \
      version="1.4.2" release="1" \
      summary="Ufuatiliaji wa mizigo" \
      description="Huduma ya kufuatilia mizigo ya forodha"
RUN microdnf -y update && \
    microdnf -y install java-17-openjdk-headless && \
    microdnf clean all
COPY leseni.txt /licenses/
COPY --chown=1001:0 app/ /opt/app/
RUN chmod -R g=u /opt/app
ENV HOME=/opt/app
EXPOSE 8080
USER 1001
CMD ["java", "-jar", "/opt/app/mizigo.jar"]
```

Kisha ijaribu kwa namba ngeni kabla haijatoka mezani, kwa Podman, chombo cha kujenga na kuendesha kontena:

`podman run --rm --user 45678:0 --cap-drop=ALL -p 8080:8080 imeji-yako`

Usiweke 1000650000 kwenye jaribio hili ikiwa Podman unaiendesha kama mtumiaji wa kawaida. Kwa kawaida hupewa fungu la namba 65,536 tu, na namba kubwa kuliko hizo italeta kosa lisilohusiana na programu yako, ukapoteza mchana mzima. Tumia 8080 badala ya 80, kwa sababu milango ya chini ya 1024 kwa kawaida hudai ruhusa ambayo hutapewa.

Dhana: Likikataa kuandika, piga chmod (amri ya kubadili ruhusa za faili) kote.

Huu ndio ugonjwa unaozaliwa na tiba iliyotangulia. Mtu aliyechoka na `Permission denied` anaandika `chmod -R 775 /usr`, programu inawaka, anafurahi. Ukaguzi wa `HasModifiedFiles` unamngoja mlangoni: faili lililoletwa na pakiti ya RPM (mfumo wa pakiti za programu wa Red Hat) kwenye imeji ya msingi halitakiwi kuguswa na tabaka la juu. Kubadili ruhusa ni kuligusa, na kubandika maktaba yako juu ya iliyopo pia ni kuligusa. Sababu ina mantiki: kukitokea tundu la usalama, Red Hat inatoa pakiti mpya kwa kuamini faili la chini ni lake. Ukilichezea, hakuna tena anayejua kilichomo. Kusasisha kwa `microdnf update` hakuna kosa, kwa kuwa hifadhidata ya RPM inajua kilichobadilika. Vitu vyako viweke `/opt`, na ruhusa zako ziishie hukohuko.

Hapohapo tutaje imani nyingine: kwamba faili la siri likifutwa kwa `rm` kwenye mstari unaofuata limeondoka. Halijaondoka. Limo kwenye tabaka la chini, na yeyote anayeivuta imeji anaweza kulifukua.

Dhana: Lebo ni mapambo.

Zinazodaiwa ni `name`, `vendor`, `version`, `release`, `summary` na `description`, na matoleo ya karibuni ya chombo yameongeza `maintainer`. Mtego ni kwamba UBI yenyewe imekuja na lebo zake, na imeji yako huzirithi. Usipoandika zako, lebo hazikosekani. Zipo, ila zinasema bidhaa hii ni ya Red Hat. Chombo cha sasa kina ukaguzi wa alama za biashara unaotazama jina, muuzaji na mtunzaji, kwa hivyo lebo ya kurithi inaweza kukuangusha palepale ulipodhani umepita.

Leseni nayo ni folda `/licenses`, herufi ndogo, ya wingi, kwenye mzizi wa imeji, ikiwa na faili lisilo tupu. Ukiiita `/license` umekosa.

Dhana: Tagi (alama ya toleo la imeji) ya latest inatosha.

Kila kontena linaloshuka Kilindini lina herufi nne na tarakimu saba ubavuni, za kwake peke yake. Hakuna karani atakayepokea sanduku linaloitwa "la mwisho kufika". Imeji nayo idaiwe hivyo hivyo: iwe na tagi nyingine isiyo `latest`, kama `1.4.2-1`.

Dhana: Matabaka yakiwa machache ndiyo salama, basi yabane yote kuwa moja.

Kikomo ni 40, na yale ya imeji ya msingi yanahesabiwa. Ni nadra kufika huko, labda kwa mtu anayeandika `RUN` kwa kila pakiti. Kuyabana yote kuwa moja kunapita ukaguzi, lakini utalipa kwa bando. Tabaka lililokwishafika kwenye rejista, yaani ghala la imeji mtandaoni, halipakiwi tena. Pakiti nzito zikitangulia na msimbo wako ukifuata, marekebisho madogo yanasukuma megabaiti chache. Ukiwa na tabaka moja, nukta moja ikibadilika unasukuma imeji nzima, na umeme ukikatika katikati unaanza moja.

Dhana: Bila klasta kubwa huwezi kujaribu.

Kwa kontena, unahitaji kompyuta ya Linux, `preflight` na rejista. `preflight` husoma imeji iliyoko kwenye rejista, si iliyoko kwenye diski yako, kwa hivyo sukuma kwanza:

`podman login --authfile ./muda.json quay.io`

`preflight check container quay.io/jina/mizigo-api:1.4.2-1 --docker-config ./muda.json`

Faili hilo la muda lina maana. Podman huhifadhi nywila pengine na Docker pengine, na chombo kisipoona nywila hushindwa kuivuta imeji iliyofungwa. Pia hakuna haja ya kumpa mkaguzi faili lenye nywila za rejista zako zote. Majibu yamo kwenye folda `artifacts`, faili `results.json`. Ukiweka ukaguzi kwenye mtambo wa kujenga, usome pale `passed`; usitegemee kwamba amri imemalizika salama.

Klasta inahitajika ukifika kwenye Operator (programu inayosakinisha na kusimamia programu nyingine ndani ya klasta), kwa sababu hapo `preflight check operator` huisakinisha kweli. Hata hivyo OpenShift Local kwenye mashine yenye kori 4, RAM ya zaidi kidogo ya GB 10 iliyo wazi na GB 35 za diski inatosha kwa mazoezi. Ndani ya furushi la Operator, imeji zitajwe kwa dijesti ya `sha256` (alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo) badala ya tagi.

Dhana: Preflight imesema PASSED, tumepata cheti.

Mmefanya mazoezi. Cheti kinahitaji akaunti ya mshirika kwenye Red Hat Partner Connect, kitambulisho cha imeji yako (component ID), tokeni, na amri ileile irudiwe na `--submit`. Baada ya hapo imeji hupigwa skani ya udhaifu wa usalama upande wao, jambo ambalo `preflight` kwenye mashine yako haikulifanya. Watu wengi hushangaa hapa: kila kitu kijani nyumbani, kisha orodha ya CVE (udhaifu wa usalama uliosajiliwa) inatoka kwa kuwa imeji ya msingi ilivutwa miezi minne nyuma na ikabaki kwenye kashe. Jenga kwa `podman build --pull=always --no-cache` siku ya kuwasilisha.

Dhana: Ukishakipata, umekipata.

Imeji iliyopitishwa haibadiliki, dunia ndiyo inayobadilika. Katalogi ya Red Hat hutoa daraja la afya kutoka A hadi F. A ni imeji isiyokosa sasisho lolote la usalama la kiwango cha hatari sana au muhimu. Sasisho likitoka nawe hujaliweka, daraja huteremka kadiri siku zinavyopita. Weka kazi ya kujenga upya kila wiki usiku, `release` iongezwe moja, majaribio ya namba ngeni yaendeshwe, kisha `preflight` na `--submit`. Kwa programu ya ukubwa wa kawaida, ubi-minimal ikiwa chini yake, ni kazi ya dakika chache za mashine.