Kava na dawa za daktari: kwa nini silijibu swali hili kwa neno moja

Mtu anapofika kwenye dirisha la dawa na kuniuliza kama anaweza kutumia kava huku akiendelea na dawa alizoandikiwa na daktari, mimi humuuliza kwanza ni dawa zipi, kava yenyewe ni ya namna gani, na anakusudia kuitumia saa ngapi na kwa muda gani. Sifanyi hivyo ili kukwepa jibu. Kava ikikutana na dawa mwilini inaweza kudhuru kwa njia zaidi ya moja: njia mojawapo hujidhihirisha usiku uleule, nyingine huchukua wiki kadhaa bila dalili yoyote, na mtu anayejikinga na moja anaweza kuwa anaikaribisha ile ya pili.

Kava ni mmea wa jamii moja na pilipili manga, na kwao ni visiwa vya Pasifiki. Watu wa Vanuatu, wa Tonga, wa Samoa, na wa Fiji ambako huitwa yaqona, wamekuwa wakiponda au kusaga mizizi yake, wakaichanganya na maji na kuinywa katika sherehe na mabaraza kwa karne nyingi. Kinachofanya kazi ndani ya mizizi hiyo ni kundi la kemikali ziitwazo kavalaktoni, na sita kati yake ndizo zinazobeba karibu uzito wote. Kemikali hizi huimarisha kazi ya GABA, yaani ule mfumo wa ubongo unaotuliza mishipa ya fahamu, na pia huziba kwa kiasi vijia ambavyo chembe za sodiamu hupitia kuingia kwenye seli za fahamu. Ndiyo maana mnywaji huhisi ganzi mdomoni, misuli ikalegea na wasiwasi ukapungua.

Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Nje ya visiwa hivyo, kava huuzwa zaidi kama vidonge na matone kwa wenye wasiwasi na wanaokosa usingizi, na watu wenye shida hizo ndio haohao ambao mara nyingi tayari wana dawa za daktari kwa ajili ya shida hizohizo. Dawa za familia ya benzodiazepini, kama diazepamu na alprazolamu, hufanya kazi kupitia mfumo uleule wa GABA. Ukiziweka pamoja na kava, nguvu mbili zinazosukuma upande mmoja zinajumlika, na hakuna anayeweza kukuahidi kwamba jumla hiyo itakuwa ndogo.

Mwaka 1996 madaktari nchini Marekani waliandika habari za mwanamume wa miaka 54 aliyelazwa akiwa amechanganyikiwa na nusu hajitambui, baada ya siku chache tu za kutumia kava pamoja na alprazolamu. Baada ya saa kadhaa alipata fahamu. Habari ya mgonjwa mmoja haithibitishi jambo, na ni haki kusema hivyo. Hata hivyo nairudia kila ninapofundisha wafamasia wanaoanza kazi, kwa sababu ya kipengele ambacho wengi hukipita haraka: mtu huyo alikuwa pia akitumia simetidini, dawa ya tumbo inayozuia ini lisiivunje alprazolamu kwa kasi ya kawaida. Huenda basi dawa ya kutuliza ilikuwa imekwisha kuwa nyingi kwenye damu kuliko alivyodhani, na kava ikaja juu yake. Madhara ya namna hii mara nyingi hutokana na vitu vitatu au vinne, kila kimoja kikionekana hakina neno kikitazamwa peke yake.

Onyo hilo linazihusu pia dawa za usingizi za aina nyingine, dawa za kifafa, gabapentini na pregabalini za maumivu ya mishipa ya fahamu, dawa za mzio zinazoleta usingizi kama prometazini, na pombe. Ninaoogopa zaidi ni watu wanaotumia dawa za maumivu za jamii ya mofini, kwa kuwa dawa hizo hupunguza kasi ya kupumua, na kitu chochote kinachozidisha usingizi mzito kwa mtu wa namna hiyo kinaweza kumfikisha mahali ambapo hata kumwamsha hakuwezekani kwa urahisi.

Kuhusu vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa, utakuta maandishi mawili yanayoonekana kupingana, na nadhani msomaji anastahili kuelezwa sababu. Majaribio ya maabara yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba dondoo la kava huzuia kwa nguvu vimeng'enya kadhaa, vikiwemo CYP2C9, CYP2C19 na CYP3A4. Kisha mwaka 2005 yakachapishwa matokeo ya watu wenye afya njema waliotumia kava kwa siku 28: CYP2E1 ilipungua kwa takriban asilimia 40, lakini CYP3A4, CYP2D6 na CYP1A2 hazikuonyesha badiliko la maana. Wauzaji huyapenda matokeo haya ya pili, na kwa kweli yanafariji. Lakini tazama vizuri kilichopimwa: CYP2C9 na CYP2C19 hazikuwemo katika jaribio hilo la watu. CYP2C9 ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kazi ya kuvunja wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na fenitoini ya kifafa. Kwa dawa hizi mbili umbali kati ya kipimo kinachotibu na kipimo kinachodhuru ni mdogo sana, kwa hiyo mgonjwa wangu anayetumia wafarini simruhusu kuongeza kava kwa kutegemea jaribio ambalo halikuuliza swali lake.

Nije kwenye ini lenyewe. Mwaka 2002 Ujerumani iliondoa bidhaa za kava sokoni baada ya taarifa za wagonjwa walioharibika ini, baadhi yao wakiishia kupandikizwa ini jipya na wengine kufariki. Uingereza ikapiga marufuku mwezi Januari 2003. Mahakama ya Ujerumani ilitengua marufuku ya nchi hiyo mwaka 2014, na mwaka 2019 idhini za huko zikaondolewa tena. Historia hii ya kwenda na kurudi inaonyesha jinsi chanzo kilivyo kigumu kubainishwa. Wengine hulaumu asetoni na spiriti zilizotumika kukamua dawa kiwandani badala ya maji. Wengine maganda ya shina na majani yaliyochanganywa na mizizi. Wengine ile kava ambayo watu wa Vanuatu huiita tudei, kwa maana ulevi wake hudumu siku mbili, na ambayo ina kwa wingi flavokavaini B, kemikali inayoshukiwa kuumiza seli za ini. Shirika la Afya Duniani lilipozitathmini taarifa hizo mwaka 2007, liliona kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi kwenye dondoo zilizokamuliwa kwa kemikali, na kwamba wengi wa wagonjwa hao walikuwa wakitumia pia pombe au dawa nyingine zenye uwezo wa kuumiza ini.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayonihusu mimi kama mfamasia. Anayetumia isoniazidi kwa kifua kikuu, methotreksati kwa baridi yabisi, valproati kwa kifafa, au ketokonazoli ya kumeza kwa fangasi, tayari ana dawa ambayo ini lake linalazimika kulindwa kwa vipimo. Kumwongezea kava ni kumwongezea mzigo, na pia ni kumchanganya daktari, kwa kuwa vimeng'enya vya ini vikipanda kwenye kipimo cha damu, ishara kwamba ini linaumia, hatajua asimamishe kipi, na huenda akasimamisha dawa ya kifua kikuu isiyo na kosa. Parasetamoli nayo si ya kupuuzwa: katika majaribio ya panya, flavokavaini zilizidisha madhara yake kwenye ini.

Kuna na wenye ugonjwa wa Parkinson. Tangu mwaka 1995 zimeandikwa taarifa za wagonjwa ambao kava iliwaletea mikazo ya misuli au ikawaharibia nafuu waliyokuwa nayo kwa levodopa, dawa ya ugonjwa huo. Kwao jibu langu ni fupi: wasiitumie.

Jambo linaloniuma zaidi, hata hivyo, ni watu wanaotumia kava ili waachane na dawa za daktari. Mama mmoja, aliyekuwa kwenye dawa ya benzodiazepini kwa miaka, aliniambia kwa furaha kwamba amepata mmea wa asili na kwamba tangu siku iliyotangulia hajagusa kidonge. Mikono ilikuwa ikimtetemeka. Mwili uliozoea dawa hizi hauwezi kuachishwa ghafla. Kuziacha kwa mkupuo kunaweza kuleta degedege, na kava haijathibitishwa kuwa inaweza kushika nafasi yake na kuzuia hilo. Nilimwomba aketi, nikampigia simu daktari wake akiwa palepale, na kabla hajaondoka alikuwa na mpango wa kupunguziwa kipimo kidogo kidogo. Sikumkaripia. Alikuwa ametaka jambo jema, na hakuna aliyemweleza njia ya kulifikia.

Kwa asiyetumia dawa yoyote niliyoitaja, mwenye ini zima, asiye mjamzito wala anayenyonyesha, huwa sikatai moja kwa moja. Namtaka aniletee kopo lenyewe nisome kama ni mizizi mitupu, kama imekamuliwa kwa maji, na kavalaktoni ni miligramu ngapi. Australia, kwa mfano, imeweka kikomo cha miligramu 250 kwa siku kwa dawa za kava, na bidhaa isiyotaja kiasi chochote mimi huirudisha kwa mwenyewe bila kuipendekeza. Namwambia asiendeshe gari baada ya kuitumia, na kama ana upasuaji mbele yake amwambie daktari wa usingizi mapema, kwa sababu dawa za nusukaputi hujumlika na kava kama zile nyingine. Halafu namwandikia kwenye karatasi dalili za kumfanya aache mara moja na kwenda kupimwa: macho au ngozi kugeuka manjano, mkojo wa rangi ya chai nzito, kichefuchefu kisichoisha, uchovu usio na sababu, maumivu chini ya mbavu za kulia. Karatasi hiyo namwomba aibandike mahali ambapo watu wa nyumbani kwake nao wataisoma, kwa kuwa mara nyingi wao ndio wanaoyaona macho yake kabla yeye hajajitazama.