Mbwa mwenye njaa hakuletei ndege

Mimi nafundisha mbwa wa ndege, wa kuwatafuta majanini na kumletea mwindaji wale aliowapiga kwa bunduki. Jumamosi alinijia kijana kutoka upande wa Nachingwea, mkoani Lindi, na mbwa wa miezi 11 amemfunga kamba ya katani shingoni. Mbavu za mbwa ungezihesabu ukiwa barabarani. Hata sijamkaribisha kiti, akaniambia kwa fahari: "Mjomba, huyu nimemnyima chakula tangu Alhamisi. Leo utaona kazi." Nikachukua njiwa aliyekufa nikamtupa, mita 15 tu. Mbwa akamfikia, akamkanyaga kwa miguu ya mbele, akainama. Tulipofika pale tulikuta manyoya na mguu mmoja.

Huyo ni wa nne tangu Idi. Wote wanakuja na maneno yaleyale: mbwa akishiba hulala, mwenye njaa ndiye anayewinda. Nimeyajibu kwa mdomo mpaka nimechoka, sasa nayaandika.

Najua yalikotoka. Wazee wa huku kwetu walifuga mbwa wa nguruwe, wa kulinda mihogo na karanga. Mbwa wa nguruwe hufanya kazi na wenzake, anabweka, anauma, anamzuia mnyama mpaka mkuki ufike, na kazi ikiisha anatupiwa utumbo palepale. Pale njaa haiharibu kitu, kwa sababu nguruwe hamezwi njiani. Mbwa wa ndege kazi yake imekaa kinyume kabisa. Anasikia harufu ya nyama, anatakiwa asimame. Ndege anaruka mbele ya pua yake, asimame. Bunduki inalia, asimame bado. Ndipo atumwe, akamwokote kiumbe chenye damu ya moto, atembee naye mdomoni mita 50 au 60 za majani marefu, amkabidhi mtu. Mpe mwanadamu aliyeshinda siku mbili bila kula sinia la pilau alibebe kutoka jikoni hadi barazani, uone litafika na punje ngapi.

Ndani ya maneno yale ipo chembe ya ukweli, nayo ndiyo inayowapoteza watu. Mbwa hakimbizwi akiwa na tumbo lililojaa. Akila bakuli zima kisha akakimbia saa nzima, tumbo linaweza kujaa hewa na kujipinda, na mbwa wa kifua kirefu huweza kufa kwa hilo siku hiyohiyo. Kwa hiyo mlo mkubwa ni jioni, baada ya kazi, akishapumzika na pumzi imetulia. Asubuhi ni tonge dogo tu, au asipewe kitu, kisha kazi. Kumlaza na mlo wake wa jioni tumboni si sawa na kumnyima tangu Alhamisi. Mbwa aliyekula jana jioni ana nguvu za kukimbia leo, na akili yake iko kwako. Aliyenyimwa siku mbili akili yake iko kwenye koo.

Na nguvu za mbwa wa mbio ndefu zinatoka zaidi kwenye mafuta, si kwenye ugali. Ugali peke yake unamjaza tumbo na kumwacha misuli imelegea. Changanya na dagaa, au vichwa vya samaki vilivyochemshwa mpaka miba imelainika, utumbo wa kuku, mafuta kidogo. Usitie pilipili. (Wale wanaowapa mbwa pilipili na nyigu ili wawe wakali, sitawajibu leo, ila waache.) Ukitaka kujua kama anatosha, usitazame tu, pitisha kiganja ubavuni: mbavu uzisikie chini ya ngozi bila kubonyeza, lakini zisionekane zote kwa macho. Ukianza kumfanyisha kazi kila siku, mwongeze chakula. Wengi wanaongeza kazi huku bakuli limebaki lilelile, na Julai ikifika wana mbwa mchovu wanayemwita mvivu.

Sasa kuleta. Kuleta kunaanza mtoto wa mbwa akiwa na wiki nane, tena ndani ya nyumba. Tafuta ukumbi mwembamba, funga milango, kaa kwenye njia pekee ya kurudia. Tupa soksi iliyofungwa fundo. Mtoto ataikimbilia, ataiokota, na hana pa kupita isipokuwa kwako. Akifika, usimnyang'anye. Hapa ndipo wanapoharibu wote. Mkono unakwenda moja kwa moja kwenye soksi, na mtoto anajifunza kwamba kurudi kwako ni kuporwa. Msugue kifua, mkande mgongo, mwache aishike kwa raha zake nusu dakika, mpaka aiachie mwenyewe au uichukue polepole chini ya taya. Mara tatu, nne, basi. Ukome wakati bado anataka. Akikukimbia nayo, usimfukuze hata hatua moja. Mgeuzie mgongo, ondoka, chuchumaa mbali. Atakuja.

Kati ya miezi minne na sita anabadili meno. Acha kabisa. Fizi zinauma, na maumivu yale atayahusisha na kile anachobeba. Mpe mifupa mikubwa mibichi, mfundishe kuja na kukaa, soksi iwe kabatini.

Baadaye anakuja ndege mwenyewe, na ndege wa kwanza awe njiwa aliyekufa aliyetoka kwenye friza, baridi na mgumu. Ndege baridi hatamaniki kutafunwa. Kisha aliyeyeyuka, kisha aliyekufa asubuhi ile, na wa moto mwishoni. Usimpe mbwa mchanga kwale dume aliyejeruhiwa tu. Ana kipi mguuni kama jogoo, atamchana, na mbwa aliyechanwa mara moja hujifunza kubana kwanza ndipo abebe. Mdomo mgumu unazaliwa hivyo, au unazaliwa na njaa, au na mchezo wa kuvutana tambara ambao watoto wa nyumbani wanaupenda sana. Wakataze.

Wapo wanaosema mdomo mgumu unatibika. Mimi sijawahi kuutibu ukapona kabisa. Nimefunga gome lenye ncha butu ndani ya tambara ili akibana limuumize, nimetumia ndege wa friza miezi mitatu, mbwa akatulia mbele yangu, na siku ya kwanza porini akarudi na kwale aliyevunjwa kifua. Labda kuna mkono mzuri kuliko wangu. Lakini ukiniletea mbwa aliyekwisha kula ndege wawili watatu, nitakwambia wazi kwamba tunapunguza tatizo, hatuliondoi.

Mdomo laini hapa kwetu si urembo. Wengi wetu pwani hii ni Waislamu, na ndege anayefika mkononi yu hai anachinjwa, analiwa bila wasiwasi. Aliyepondwa njiani ni hasara. Na nashangaa sana watu wetu kushikilia habari ya njaa ilhali jibu wamelisoma madrasa. Sura ya Al-Maida, aya ya 4, inahalalisha windo la mnyama aliyefundishwa, kwa sharti amelikamata kwa ajili yenu na jina la Mwenyezi Mungu limetajwa. Hadithi ya sahaba Adiyy bin Hatim, iliyomo kwa Bukhari na Muslim, inaeleza zaidi: mbwa akila, usile, kwani amejikamatia mwenyewe. Na wanazuoni wa Kishafii wakaweka alama za mbwa aliyefundishwa: akitumwa aende, akizuiwa azuilike, akikamata asile, na hayo yajirudie mpaka ijulikane ni tabia yake. Hizo ndizo kazi ninazofundisha, kwa mpangilio huohuo. Ukimnyima chakula umeibomoa ya tatu kwa mikono yako. Habari ya kuosha palipoguswa na mate, mara saba na moja kwa udongo, nayo ipo. Mimi natembea na dumu la maji na kopo la udongo safi, na maswali ya ziada nayaacha kwa shehe.

Kuonyesha, yaani mbwa kusimama kimya akimwelekezea pua ndege aliyejificha, ni jambo jingine, nami nitalipitia haraka, kwa sababu sehemu kubwa anazaliwa nayo. Pointer na setter, mbwa wa kigeni wa kuwindia ndege, wamechaguliwa vizazi vingi kwa tabia hiyo. Wewe huwapi, unawazuia tu wasiiharibu. Njiwa hai ndani ya tenga lenye mfuniko wa kuvuta kwa kamba, lifiche majanini. Mlete mbwa akikata upepo, si kwa kuufuata, akiwa na kamba ya mita 10. Harufu itampiga, atakakamaa. Nyamaza. Akipiga hatua ya pili kumsogelea ndege, vuta mfuniko, njiwa aruke. Anajifunza kwamba kusogea kunampoteza ndege. Asimkamate kamwe, hata mara moja, hata kwa bahati. Mwezi wa tano na wa sita kusi inavuma vizuri, upepo una upande mmoja wa kutegemewa, na alfajiri majani yana umande unaoshika harufu. Jua likishapanda, rudi nyumbani.

Usianze na kanga. Nasema tena, usianze na kanga. Kanga hukimbia kwa miguu, kundi zima, mbwa anasimama, wanasogea, anasimama tena, wamekwisha fika ng'ambo ya korongo. Mbwa mchanga anavunjika moyo au anaanza kuwafukuza. Kwale hujibana majanini akakuamini kwamba hujamwona. Kwale ndiye mwalimu.

Na mbwa wetu wa kienyeji? Swali hili linanisumbua usiku. Nimefundisha kadhaa. Kuleta wanaleta, tena wengine kwa moyo kuliko wa kigeni, joto wanalihimili, magonjwa ya huku wanayastahimili zaidi. Kuonyesha, wapo waliosimama sekunde tano, sita, mguu mmoja juu, mkia umenyooka, nikasisimka mwili mzima. Lakini je, ni mimi niliyewafundisha, au ni ile nukta ya kunyemelea ambayo kila mbwa anayo kabla ya kuruka? Nimebadili mawazo mara tatu. Kwa sasa naamini ni kunyemelea kulikorefushwa kwa kamba na subira, na naridhika nako.

Mlio wa bunduki: anza na sufuria ligongwe mbali wakati anakula, kila wiki karibu kidogo, bunduki yenyewe mwisho na mbali, na kwanza akiwa amekwisha kumpenda ndege. Usimpeleke mtoto wa mbwa kwenye uwanja wa shabaha "azoee". Joto: mbwa anahema mpaka ulimi umepanuka kama kijiko na hatua zinayumba, hiyo ni hatari; kivuli, maji ya kawaida tumboni na mapajani kwa ndani, maji ya kunywa kidogo kidogo. Chanjo ya kichaa kila mwaka. Na kibali: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haichezi na mtu, kwa hiyo nenda ofisi ya wanyamapori ya wilaya na uulize kwa jina ndege gani, eneo gani, na kama mbwa anaruhusiwa kwenye kibali chako, kabla hujamfungua kamba.

Yule kijana nilimrudisha nyumbani na mbwa wake, bila kumfundisha kitu. Nilimpa kilo mbili za dagaa na maagizo ya wiki tatu: mlo wa jioni kila siku, saa ileile, kwa mkono wake mwenyewe, na soksi hakuna, njiwa hakuna. Hakufurahi. Alikuwa ametoka mbali na nauli amelipa ya watu wawili, maana kondakta alimtoza na mbwa. Jana amepiga simu, akasema mbwa sasa akimwona na bakuli anakaa chini mwenyewe bila kuambiwa. Nikamwambia hapo tumeanza, amlete Jumamosi wiki tatu zikitimia, na amlishe Ijumaa jioni.