Panga mikia, marudio yatajionesha

Neno pilipili, kila mtu anaona kuwa "pili" imejirudia. Kompyuta haioni, lazima ielekezwe namna ya kutafuta kipande kirefu kabisa kilichojirudia. Mwanafunzi tukimwachia aandike programu yake, mara nyingi ataiamuru ilinganishe kila pahala pa kuanzia na kila pengine. Kwa herufi 8 si taabu. Kwa diwani ya herufi 1,000,000, jozi zinakaribia bilioni 500, na mashine inavuma kama ya kukunia nazi.

Afadhali tuige rejista ya skuli. Ukitaka kujua kina Khamis ni wangapi, humlinganishi kila mtoto na mwenziwe. Unapanga majina kwa alfabeti, kina Khamis wote wanakaa pamoja. Katika maandishi tunapanga mikia, yaani kila kipande kinachoanzia herufi fulani hadi mwisho. Mikia 8 ya pilipili inapangika hivi: i, ili, ilipili, ipili, li, lipili, pili, pilipili. Sasa tazama majirani tu. "Ili" na "ilipili" wanafanana herufi 3 za mwanzo. "Pili" na "pilipili", 4. Hakuna waliozidi hapo, basi jibu ni "pili".

Mikia yenyewe hainakiliwi. Inawekwa namba ya herufi unapoanzia mkia, basi. Namba milioni moja za baiti 4 ni megabaiti 4, hata simu inazimudu. Kabla yake palikuwa na mti wa mikia wa Peter Weiner, wa mwaka 1973, ambamo mikia inayoanza sawa inatoka kwenye tawi moja; ulikuwa na kasi lakini ulikula nafasi; ndipo Udi Manber na Gene Myers wakaja na orodha hii ya namba za mikia iliyopangwa mwaka 1990.

Mimi huipenda zaidi kwenye mashairi. Kibwagizo kinajitokeza chenyewe, bila ya kompyuta kuambiwa kibwagizo ni nini. Ila herufi lazima zilingane barabara. Hati zetu za kale ni za herufi za Kiarabu. Wanaozigeuza kuwa za Kilatini, mmoja akiandika "kheri" na mwengine "heri", mstari ule ule unakatika hapo hapo. Sawazisha tahajia kwanza.

Jengine ni kupandana. Katika "kakakaka" utajibiwa kuwa "kakaka" imejirudia, na ni kweli: moja inaanzia herufi ya 1, nyengine ya 3. Kama hutaki vipande vipandane, majirani pekee hawatoshi. Kagua kundi zima la mikia inayoanza sawa, uchukue mwanzo wa mbele kabisa na wa nyuma kabisa, na umbali baina yao usipungue urefu wa kipande. Hapo "kakaka" inaanguka, inabaki "kaka".