Ulivyopiga kura shambani, njo upige kura mu mashini

Wiki hii tena kaja mwanafunzi mmoja wa agronomia, wa mwaka wa mwisho, flashi mukononi na macho mekundu ya kukosa usingizi, ananiambia: "Mukubwa, nimefanya testi ya permutesheni vile ulitufundisha, R imenipa p ya 0.5, direkteri anasema memuare yangu haina matokeo." Memuare ni kazi yake ya kumaliza chuo, R ni programu ya takwimu, na p inasema ni mara ngapi bahati tupu ingetoa tofauti kubwa kama yako au zaidi: 0.5 ni nusu ya mara zote. Nikafungua faili yake hapahapa juu ya meza, Excel ya mistari 16 tu, na kabla sijagusa kodi aliyoandikia R nikamuuliza kitu kimoja: samadi uliigawa namna gani?

Akaanza kunisimulia. Alipanda milima mpaka Walungu, Kivu ya Kusini, kwa mama wanane wanaolima maharage, kila mama akamkatia vipande viwili vya shamba vinavyolingana, kimoja pembeni ya kingine. Halafu akaandika vikaratasi viwili, kimoja "samadi" kingine "bila", akavikunja, akaviweka mu kofia, mama mwenye shamba akachota kimoja na hicho kikaenda kipande cha kushoto. Vile vile shamba la pili, la tatu, mpaka la nane. Kazi safi sana, kuko watafiti wenye bajeti kubwa ambao hawafanyi hivyo! Lakini aliporudi mjini Bukavu akachukua zile namba 16 zote akazimwaga mu kapu moja akazikoroga. Hapo njo alipojipotezea matokeo yake, na ni kosa ninaloliona karibu kila mwezi, kwa hiyo nimeona niliandike mara moja nikuwe natuma tu link.

Testi ya permutesheni yenyewe haina uchawi. Unajiambia: tuseme samadi haifanyi kitu chochote. Kama haifanyi kitu, basi kile kipande kingetoa kilo zilezile hata kama mama angechota kikaratasi kingine, neno "samadi" ni lebo tu iliyobandikwa juu ya namba. Sasa rudia ile kura mara nyingi, kila mara hesabu tofauti ya wastani, halafu angalia ile tofauti uliyoipata kweli shambani imekaa wapi mu kundi lote hilo. Kama ni mara chache sana kura tupu inatoa tofauti kubwa kama yako, unaanza kuamini samadi. Fisher, mtaalamu wa takwimu, aliweka wazo hili mu kitabu chake cha 1935, mwenzake Pitman akaandika juu yake 1937, wakati huo hakuna kompyuta ya kurudia kura mara elfu kumi, sisi leo mashini ya mkono wa pili ya mtaa wa Kadutu inamaliza hiyo kazi kabla hujashusha kikombe.

Angalieni neno nililotumia: rudia ILE kura. Ile ile iliyopigwa kwenye kofia. Kura nyingine yoyote inajibu swali la mutu mwingine.

Namba zake sizitoi, ni memuare yake, lakini nimetunga za mfano zenye tabia ileile, kilo za maharage kwa kila kipande, namba kamili ili mutu aweze kuhakikisha kwa kalamu:

bila <- c(4, 11, 6, 15, 9, 3, 12, 7)
samadi <- c(5, 13, 7, 18, 8, 5, 14, 9)

Tofauti ya wastani ni kilo 1.5. Ukikoroga zote 16 mu kapu moja, kuko namna 12870 za kuchagua 8 zitakazoitwa "samadi", na p inatoka karibu 0.5, sawa na ya kijana wetu. Kwa nini? Angalia shamba la nne, 15 na 18, halafu la sita, 3 na 5. Moja udongo wake ni mweusi uko bondeni, lingine liko juu ya mteremko mvua imeshalinyonya. Ukikoroga zote unaruhusu mashini kuweka 18 ya bondeni upande mmoja na 3 ya mteremko upande mwingine, tofauti ya udongo inameza tofauti ya samadi, na ile kura haikupigwa na mutu yeyote duniani, maana kwa kofia ya yule mama hakuna namna shamba moja lingepata samadi pande zote mbili.

Kura ya kweli ilikuwa hii: mu kila shamba, ama kushoto ama kulia. Yaani mara nane chaguo mbili, 2 kwa 2 kwa 2 mpaka 256. Kwa kila shamba tunachukua samadi toa bila, tunapata 1, 2, 1, 3, -1, 2, 2, 2, na kama kikaratasi kingekuwa kile kingine alama tu ingegeuka, 2 ikakuwa -2. Basi tunageuza alama:

d <- samadi - bila
kura <- as.matrix(expand.grid(rep(list(c(-1, 1)), 8)))
wastani <- kura %*% d / 8
mean(abs(wastani) >= abs(mean(d)))

Inatoka 0.03125. Na hii unaweza kuihakikisha kwa mkono, fanyeni tafadhali, ni dakika mbili tu na utaelewa kuliko somo langu lote: jumla ya d ni 12, kama alama zote zingekuwa za kujumlisha ingekuwa 14, kwa hiyo ili ufike 12 au zaidi unaweza kugeuza moja tu ya zile tatu zenye ukubwa wa 1, au usigeuze yoyote. Namna 4. Upande wa chini pia 4. Nane juu ya 256. Nilimpa yule kijana vikaratasi nane nilivyochana mu kaye (daftari), namba upande huu na namba yenye alama iliyogeuzwa upande wa pili, akavigeuza mwenyewe juu ya meza mpaka akanyamaza, halafu akasema "ah, kumbe ni kofia." Njo hivyo, ni kofia.

Mashamba yakikuwa 30 huwezi kuorodhesha kura zote, hapo unachota kwa bahati:

set.seed(71)
m <- replicate(9999, mean(d * sample(c(-1, 1), length(d), TRUE)))
(sum(abs(m) >= abs(mean(d))) + 1) / 10000

Ile +1 musiitoe. Naona memuare zimeandikwa "p = 0.000", na mara nyingine R kweli inakupa sifuri kwa sababu mu kura 9999 hakuna hata moja iliyofika. Lakini kura iliyopigwa shambani nayo ni moja ya kura zinazowezekana, ipo, uliiona na macho, kwa hiyo p haiwezi kukuwa sifuri hata siku moja. Phipson na Smyth waliliandika jambo hili 2010, mpaka leo watu bado wanadondosha ile moja.

Juu ya 9999: kuko wanaoweka 999 kwa kuogopa mashini itachelewa. Kwa 999, kama p ya kweli ni 0.05, palepale kwenye mpaka wa desturi, jibu lako linayumba kama 0.007 huku na huku, leo unapata 0.045 unashangilia, kesho unabadilisha sidi (ile namba ya set.seed inayoanzisha bahati ya mashini) unapata 0.056 unalia. Kwa 9999 kuyumba kunashuka mpaka kama 0.002. Weka 9999, na sidi iandike mu memuare, na usichague sidi baada ya kuona p, huo ni wizi.

Kitu kingine kidogo ila kinauma: kama kilo zako ziko na desimali, 4.3 na 5.1, mashini haizihifadhi vile unavyoziona, na namba mbili zilizo sawa kwenye karatasi zinaweza kutofautiana kwenye tarakimu ya kumi na sita. Ile >= inakosa kuhesabu zilizolingana na p yako inashuka bila haki. Punguza kidogo upande wa kulia, andika abs(mean(d)) - 1e-9, basi.

Wanaotumia Python, scipy.stats iko na permutation_test, ni nzuri, inafanya yenyewe kura 9999, na kama kura zinazowezekana hazizidi hapo inazipitia zote. Lakini usipoiambia kitu inachukua 'independent', yaani kapu moja! Kwa data ya kijana wetu ilipaswa kuandikwa permutation_type='samples', na itapitia zile 256. Mu R kwa wenye paketi ya coin, kwenye oneway_test unaandika mavuno ~ mbolea | shamba, kile kimstari kilichosimama ndicho kofia ya kila shamba, na shamba liwe fakta (factor, yaani jina la kundi), siyo namba. Wenye vegan, paketi nyingine ya R, wanaofanya adonis2, angalieni strata, inafanya kazi ileile ya kimstari. Programu zote hizi haziwezi kujua ulipanda kilima gani, zinakoroga vile ulivyoziambia.

Sasa upande wa pili, ambapo kukoroga vibaya hakufichi matokeo bali kunayatunga, na hapa njo roho inaniuma zaidi kwa sababu kuko hela za watu ndani. Shirika moja liliniita kuangalia ripoti: vijiji 6 upande wa Kalehe, 3 vikapewa mafunzo 3 havikupewa, mu kila kijiji wakahoji nyumba 40. Mtu wao wa data akakoroga nyumba 240, p ikatoka ndogo kabisa, ripoti imeshapambwa rangi. Nikauliza swali lilelile, kura ilipigwa wapi? Juu ya vijiji. Hakuna nyumba iliyochotewa kikaratasi, kijiji kizima kiliingia au kilibaki, na nyumba za kijiji kimoja ziko na soko moja, barabara moja, mvua moja. Kuchagua vijiji 3 kati ya 6 ni namna 20 tu. Ukiangalia pande zote mbili, p ndogo kuliko zote inayowezekana ni 2 juu ya 20, ni 0.1, hata mafunzo yakikuwa ya dhahabu. Kuhoji nyumba 40 zaidi kwa kila kijiji hakubadilishi hiyo 20. Vijiji 4 kwa 4 vingewapa kura 70, p ya chini kama 0.029, na hiyo ilikuwa ya kuamuliwa kabla gari halijatoka Bukavu. Msimamizi wao, mama mwenye heshima yake, alikaa kimya muda mrefu halafu akaniuliza, "Papa, sasa niwaambie nini wafadhili?" Nikamwambia awaonyeshe vijiji sita kimoja kimoja kwenye mchoro, nukta sita, na aseme kura ilikuwa ya vijiji. Alifanya hivyo.

Basi ukija kwangu na flashi, kuja pia na kaye ya shambani. Yule kijana kaye yake ilikuwa na ukurasa mmoja wenye matope pembeni, ameandika kwa bik: shamba 1 kushoto samadi, shamba 2 kushoto bila, shamba 3 kushoto bila... mpaka 8, na tarehe. Tumeupiga picha ule ukurasa, ameuweka mu memuare kabla ya jedwali la matokeo.